Machozi ya Kiangazi

Sheikh Wakhisi alifunga daftari la ndoa, akalitia kwapani, akasimama.

"Mimi siozeshi mtoto anayelia hivi," akasema. "Nipisheni."

Lo! Wanawake waliojazana mle chumbani walibaki midomo wazi. Mmoja alikuwa keshavuta pumzi apige kigelegele, ikamkwama kooni. Mashahidi wawili walioingia na sheikh walitazamana, kila mmoja akingoja mwenzake aseme neno. Na bibi harusi mwenyewe, Aaliyah binti Abeid, aliyeketi kitandani na shela lake, alijipapasa mashavu. Analia? Nani analia? Tangu azaliwe hapa Kaloleni hajawahi kuwa na furaha kama ya leo. Ni macho tu! Macho yake haya ya balaa, yanayomwaga maji mashavuni kana kwamba kuna maiti sebuleni.

"Sheikh, silii!" alitaka kusema. Lakini moshi wa udi ulikuwa umemkaba, akakohoa, na nyuma ya kikohozi ikatoka sauti ambayo mtu yeyote mwenye masikio angeiita kwikwi.

"Mmesikia wenyewe," akasema sheikh, akatoka.

Sasa, balaa hili huwezi kulielewa kama huyajui macho ya Aaliyah. Macho yale yalikuwa na majira yake, kama shamba la mahindi. Mwaka ukianza na mvua ikishakatika, Kisumu hukauka mpaka nyasi zinalia ukizikanyaga. Na Aaliyah alikuwa akiuza katika duka la vifaa vya ujenzi pale njia panda ya Mamboleo, ambapo vumbi la malori linaingia kwa mlango na kukutana na vumbi la saruji kwenye kaunta. Mwezi wa kwanza mpaka wa tatu macho yalimwasha kama yametiwa mchanga, yakawa mekundu, kisha yakaanza kumwaga. Masika yakifika, vumbi likilala, macho nayo yalilala. Mwezi wa saba upepo wa asubuhi kutoka ziwani uliyaamsha kidogo. Halafu mvua za vuli zikayatuliza tena. Kila mwaka hivyo hivyo, mtu angeweza kupanda maharagwe kwa kuyatazama macho yake.

Alipokwenda kliniki ya macho, muuguzi alimwangalia kwa taa, akambandikia vikaratasi kwenye kope, akamwambia, "Macho yako ni makavu."

Aaliyah alicheka. Makavu? Na haya maji ya kujaza ndoo?

"Yawa!" akasema Emmaculate, shoga yake wa dukani aliyemsindikiza. "Huyu naye apimwe yake!"

Muuguzi hakukasirika. Alieleza kwamba chozi zuri lina mafuta, linakaa juu ya jicho na kulilainisha. "Lako halikai. Linakauka upesi, jicho linaungua, basi linaita maji kwa fujo. Na hayo maji yanamwagika tu, hayasaidii kitu." Akampa masharti: kitambaa cha maji ya uvuguvugu juu ya kope kila asubuhi, dawa ya matone msimu wote wa ukavu, apepese macho anapokodolea simu, feni isimpige usoni. "Na moshi," akasema. "Moshi uukimbie kama mbwa mwenye kichaa."

Lakini haki ya Mungu, macho hayo hayo ndiyo yaliyomletea mume. Ridhwan, fundi wa injini za boti kutoka ufuo wa Dunga, aliingia dukani mwezi wa pili kununua bolti, akamkuta muuzaji analowa machozi nyuma ya kaunta. Kijana wa watu alivua kofia. "Pole sana dada," akanong'ona. "Mmefiwa na nani?" Emmaculate alicheka mpaka akakaa chini juu ya magunia ya saruji. Tangu siku hiyo Ridhwan alikuwa anaishiwa bolti kila wiki. Kama kweli zote zingefungwa kwenye boti, Dunga nzima ingekuwa imezama.

Nyumbani nako watu waliyazoea, maana mama yake, Bi Rehma, alikuwa nayo hayo hayo. Aaliyah alikua akimkuta mama ameinamia sufuria, mashavu yamelowa. Ukimuuliza, "Ni macho yetu haya, mwanangu. Ya ukoo." Mzee Abeid, mume mwema asiye na neno, kila kiangazi alinunua dawa chupa mbili, ya mama na ya mtoto. Ya mtoto ilikwisha. Ya mama ilikaa kwenye dirisha la jikoni mpaka ikaharibika. "Hainifai hii," Rehma alisema. Aaliyah alipomvuta waende wote kliniki, mama alifika getini akageuka. "Yangu nayajua." Na ajabu moja, macho ya Rehma hayakuwa na majira. Yalimwagika kiangazi, yakamwagika masika, hata mwezi wa nne wakati Kaloleni yote inanuka udongo mbichi na macho ya Aaliyah yamelala usingizi. Aaliyah hakulitia hilo maanani. Nani anayempimia mama yake machozi?

Basi harusi ikapangwa, na ikapangwa mwezi wa pili, kwa sababu pande zote mbili zilitaka imalizike kabla ya Ramadhani kuandama. Aaliyah alijitayarisha. Kitambaa asubuhi, matone, miwani njiani. Angekuwa salama kabisa kama si shangazi yake, Bi Khadijah.

Bi Khadijah ni dada yake Abeid, na hakuna bibi harusi anayetoka Kaloleni bila kupita mikononi mwake. Ana mtindo wake: mwali afungiwe chumbani tangu alfajiri, madirisha yafungwe, vyetezo vya udi na ubani vipangwe kuzunguka kitanda mpaka harufu iingie kwenye mifupa. Akampaka wanja, akaujaza. Aaliyah alipotoa kichupa chake, shangazi alikipokonya.

"Nini hiki?"

"Dawa ya macho, shangazi. Moshi huu utaniua."

"Bibi harusi haendi kwa mume na machupa! Wakwe zako waseme tumewauzia mgonjwa?" Akakitia kwenye sanduku, na sanduku likapakiwa kwenye gari, likatangulia Dunga. "Na sheikh akija kukuuliza, usimjibu upesi kama mtu aliyekuwa anasubiri mlangoni. Mara ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Ya tatu ndiyo useme, tena kwa sauti ndogo."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Sheikh Wakhisi akaja na mashahidi wake, akaketi, akauliza kwa upole kama Aaliyah ameridhia kuozwa Ridhwan. Aaliyah kimya, maji yakaanza. Akauliza tena. Aaliyah kimya, maji yanachuruzika na wanja ndani yake, mistari miwili myeusi mpaka kidevuni. Kufika ya tatu, alifungua mdomo, na moshi ukauingia. Mengine mmeyasikia.

"Lahaula!" Bi Khadijah ndiye aliyepata sauti kwanza. Akamrukia sheikh mlangoni. "Sheikh, hayo ni ya furaha! Wazee walisema, chozi la kukataa ni la moto, la furaha ni la baridi." Akarudi mbio, akampapasa Aaliyah shavu. "La baridi hili! Njoo ushike mwenyewe!"

"Bi Khadijah," sheikh akajibu kutoka ukumbini, "katika joto hili la Kisumu, chozi la baridi litoke wapi?"

Siku nyingine watu wangecheka. Leo hakuna aliyecheka. Emmaculate, aliyekuwa amebanwa kwenye kona, aliwapita wanawake kwa viwiko, akafungua madirisha yote mawili kwa kishindo, akakibeba chetezo cha kwanza na kukimwagia maji. Bi Khadijah akapiga ukelele. Emmaculate akakibeba cha pili.

Kwa dirisha sauti za wanaume chini ya hema ziliingia zote, na Aaliyah akasikia kila kitu, na alitamani asisikie. Alisikia baba yake akibembeleza. Akamsikia sheikh akimjibu, sasa kwa sauti iliyochoka. "Mzee Abeid, nisikilize. Mwaka juzi, si mbali na hapa, niliozesha binti analia. Wakaniambia ni haya za mwali, ni furaha. Nikaandika. Kabla mwaka haujaisha wakaniita tena nyumba ile ile, nimswalie. Alikunywa sumu. Tangu siku ile nimeapa. Mwanamke akilia mbele yangu, kitabu nakifunga."

Kisha ikasikika sauti ya mama yake Ridhwan, mwanamke mpole, na upole wake ndio uliomchoma Aaliyah kuliko tusi. "Kama mtoto hataki, asilazimishwe. Sisi hatukuja kuiba mtu. Jamani, vaeni viatu."

Viatu! Aaliyah aliviona kwa dirisha. Wageni wa Dunga walikuwa wanainama kutafuta viatu vyao mkekani, mmoja mmoja, bila hasira. Wakivaa wakaondoka, basi. Nani atarudi tena kuposa nyumba ambayo bibi harusi alimlilia sheikh mbele ya mashahidi? Ridhwan angeambiwa na kila mtu mpaka aamini mwenyewe kwamba hakutakiwa. Na hapo akaanza kulia kweli, na hakuna mtu duniani ambaye angeweza kutofautisha.

Mzee Abeid aliingia, kofia mkononi, uso umemparara. "Mwanangu. Kweli humtaki?"

"Namtaka, baba! Ni moshi! Ni macho!"

"Basi mbona unalia?"

"Baba!" Aaliyah alipiga godoro kwa ngumi zote mbili. "Si wewe unayeninunulia dawa?"

Abeid aligeuka atoke nje, lakini huko nje mtu alikuwa amemtangulia. Ridhwan alikuwa amesimama mbele ya sheikh na kanzu yake nyeupe, viatu hajavaa.

"Sheikh, macho yake yana ugonjwa wa ukavu. Kila kiangazi yako hivyo."

"Wewe ni bwana harusi," akasema Sheikh Wakhisi. "Ushahidi wako katika jambo hili siupokei. Hata yule wa mwaka juzi alikuwa na maelezo mazuri."

Ridhwan hakubishana. Aliingiza mkono kwenye mfuko wa kanzu, akatoa kichupa kidogo cha matone, kofia yake ya bluu imekwaruzwa, akakiweka juu ya daftari la sheikh.

Sheikh akakitazama. "Hii nini?"

"Dawa yake."

"Na mfukoni mwako inafanya nini? Leo? Siku ya nikahi?"

"Hukaa hapo kila siku," Ridhwan akasema, na masikio yalikuwa yamemwiva kwa haya. "Yeye husahau yake. Kazini kwangu nina ingine kwenye sanduku la spana. Nilimkuta mara moja ameshindwa kuvuka barabara pale Mamboleo, haoni lori. Tangu hapo natembea nayo."

Hata aliyekuwa anafunga kamba za kiatu aliacha. Sheikh Wakhisi alikishika kichupa, akakigeuza, akakisogeza mbali na kukileta karibu asome maandishi. Kilikuwa kimetumika nusu. Akamtazama kijana. "Hili halinitoshi kuozesha," akasema hatimaye. "Lakini linanitosha kuuliza tena. Moshi wote utoke. Binti aoshwe uso, atiwe dawa yake, aketi uani kwenye hewa, asiguswe na mtu. Nikishaswali Adhuhuri nitamuuliza mwenyewe. Na wewe Bi Khadijah, tafadhali ukae mbali."

Wakamtoa uani, nyuma ya nyumba, kwenye kiti cha plastiki chini ya kamba ya kuanikia nguo. Emmaculate akamwosha wanja kwa maji ya uvuguvugu, akamlaza kichwa nyuma, akamtia matone ya kichupa cha Ridhwan, moja huku, moja kule. "Funga. Pumua. Usifikirie viatu." Hewa ikapita. Ule mchanga wa machoni ukaanza kulegea, pole pole, ukaisha. Aaliyah alipofungua macho aliiona kamba, akaona vibanio vya nguo kimoja kimoja, akaona anga tupu ya kiangazi. Mashavu yalikuwa makavu.

Sheikh akaja na mashahidi wake. Wakasimama mbali kidogo, ila yeye akachuchumaa mbele ya kiti, mzee mzima, akamtazama usoni kama fundi anavyotazama saa.

"Binti yangu. Hapa hakuna shangazi. Ukisema hapana, mimi mwenyewe nitatoka niwaambie wageni ni mimi niliyekataa, na hakuna atakayekugusa. Umeridhia kuozwa Ridhwan?"

Alikumbuka mafundisho: mara ya kwanza kimya. Mafundisho yakamtoka.

"Nimeridhia!" Ilikuwa sauti ya wapiga debe wa stendi. Ng'ambo ya ukuta, chini ya hema, watu waliangua kicheko, na mtu mmoja, bila shaka Ridhwan, akasema "Alhamdulillah" kwa nguvu isiyofaa kwa bwana harusi.

Sheikh Wakhisi alicheka mpaka akashika goti ainuke. "Sasa hiyo ndiyo ridhaa. Hiyo hata kiziwi ameisikia." Alipogeuka aende, akamwona Bi Rehma kwenye mlango wa jikoni. Alikuwa amesimama pale muda wote. Mashavu yake yamelowa, chozi linafuata chozi, na wala hakuyafuta. "Na wewe mama?" sheikh akatania. "Kumbe macho haya ni ya familia! Mpeni naye dawa." Akaenda zake kwa wanaume.

Emmaculate akakimbilia mbele kutangaza habari ambayo kila mtu alikuwa keshaisikia. Uani wakabaki wawili, mama na mwana. Aaliyah akainuka na kichupa, akacheka. "Njoo mama, nikutie. Leo tupendeze wote."

Akamshika kidevu, akamwinua uso. Na hapo mkono ukasita. Moshi ulikuwa umekwisha. Vumbi halikuwepo. Hewa ilikuwa inapita safi. Macho ya mama yake, kwa karibu hivi, kwenye mwanga wa mchana, yalikuwa meupe kama maziwa. Hayakuwa na wekundu hata chembe. Macho yaliyojaa maji na yenye afya kuliko yake yalivyowahi kuwa.

Mwezi wa nne, Aaliyah akakumbuka. Analia hata mwezi wa nne.

"Mama," akasema taratibu. "Macho yako hayana ugonjwa."

Rehma alimtazama. Alitazama na mlango pia, na ukuta, kama mtu anayehakikisha.

"Hayana," akasema.

"Kwa nini basi?"

"Mimi pia niliwekwa chumba kama kile, kwetu. Shangazi yako alikuwa msichana, ndiye aliyeshika chetezo. Nilikuwa bado nasoma, nilitaka kumaliza shule. Sheikh wa siku zile akaja, akauliza, nikalia. Nililia mpaka nikashindwa kusema hapana. Shangazi yako akamwambia sheikh, ni moshi huo. Akaandika." Alijifuta kwa ncha ya leso, na mara shavu likalowa tena. "Wewe umelia kwa moshi, wakasema unakataa. Mimi nilikataa, wakasema ni moshi."

Aaliyah akakishusha kichupa. Alishika kamba ya nguo. "Na baba? Anajua?"

"Baba yako hajanikosea hata siku moja. Aliambiwa nimekubali, akaamini. Ningemwambia nini? Ananiletea dawa kila kiangazi, maskini ya Mungu. Ningemwambia dawa si ya ugonjwa huu?" Akamvuta mwanawe, akamtengenezea shela kichwani. "Silii kwa uchungu leo. Leo nililia kwa sababu yule mzee alifunga kitabu. Sikujua kama kinafungwa. Miaka yote hii, Aaliyah, sikujua kama kinaweza kufungwa."

Maisha yote ya Aaliyah yalimgeukia pale alipo: sufuria, dirisha la jikoni, chupa iliyoharibika bila kufunguliwa, "macho yetu haya". Alitaka kupiga kelele, na hakujua ampigie nani.

Kwenye hema watu wakanyamaza. Kipaza sauti kikakoroma, kisha sauti ya Mzee Abeid ikaja juu ya ukuta, sauti ya mtu mwema anayeogopa kukosea maneno, mkono wake bila shaka umo ndani ya mkono wa Ridhwan.

"Nimekuoza binti yangu Aaliyah," alisema, "kwa ridhaa yake."

Bi Rehma alilisikia neno hilo. Akavuta pumzi, na kabla ya mwanamke mwingine yeyote, kabla hata Bi Khadijah hajafungua mdomo, akapiga kigelegele. Kilikuwa kirefu, kikali, kikapita juu ya mabati ya Kaloleni, na alipokimaliza akapiga kingine. Aaliyah alikuwa bado amesimama na kichupa mkononi, macho makavu, anamtazama.